Je, Wajua? Poromoko la Theluji Huanza Chini ya Unyayo

Kila msimu wa baridi, maelfu ya watu katika nchi za milima huacha njia zilizokaguliwa na kuingia milimani wenyewe kwa skii, kwa viatu vya theluji au kwa pikipiki za theluji. Wengi hurudi salama. Katika milima ya Alps peke yake, takriban watu 100 kwa mwaka hawarudi kwa sababu ya maporomoko ya theluji. Wengi wetu tukisikia habari hizo hudhani ni ajali tu, balaa lililoshuka kutoka juu bila taarifa. Soma kwanza, kisha uamue.

THELUJI YENYEWE

1. Je, wajua kwamba theluji iliyotanda mlimani si kitu kimoja? Kila dhoruba huacha tabaka lake. Ukichimba shimo hadi ardhini mwezi Februari, utaona ukutani mwa shimo hilo habari za msimu mzima: chini kabisa theluji ya mwanzo wa baridi, juu yake utando mgumu ulioachwa na siku ya jua kali, kisha theluji laini ya dhoruba iliyofuata, na kuendelea hadi juu.

2. Je, wajua kwa nini chembe ya theluji ina pembe sita? Mwanafalaki Johannes Kepler alijiuliza swali hilo mwaka 1611 na akaliandikia kijitabu kizima. Jibu limo katika namna molekuli za maji zinavyojipanga zinapoganda. Mwaka 1936, Mjapani Ukichiro Nakaya alifaulu kutengeneza fuwele ya theluji katika maabara, ya kwanza duniani.

3. Je, wajua kwamba fuwele hizo hubadilika umbo baada ya kuanguka? Ardhi iliyofunikwa na theluji hubaki na joto la karibu nyuzi sifuri, ilhali hewa ya juu yaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mvuke hupanda kutoka tabaka la chini kwenda la juu, na njiani huzigeuza chembe kuwa vipande vyenye kingo kali visivyoshikana. Ukivichota kiganjani, humwagika vyote. Tabaka la namna hiyo haliwezi kubeba mzigo.

4. Je, wajua kwamba usiku mtulivu wenye nyota ndio unaoandaa hatari? Anga likiwa wazi, uso wa theluji hupoa haraka na jalidi huota juu yake, vijani vyembamba vinavyometameta asubuhi. Wapiga picha huvifurahia. Dhoruba ikija na kuvifunika, vijani hivyo huwa tabaka dhaifu linaloweza kukaa wiki kadhaa likisubiri mzigo.

5. Je, wajua kwamba upepo waweza kulundika theluji haraka mara kumi kuliko mawingu? Huikwangua upande unaoelekea upepo na kuimwaga upande wa pili wa kilele, kule kuliko kimya. Ndiyo maana mahali panapoonekana pametulia na pana theluji nyingi nzuri huwa ndipo pa kuogopwa.

6. Je, wajua kwamba kilele cha mlima chaweza kuwa na upenu? Upepo hujenga ukingo wa theluji unaoning'inia nje ya mwamba, hewani. Anayetembea juu yake hudhani amekanyaga mlima. Wazoefu hukaa mbali na ukingo, kwa sababu upenu ukikatika, mara nyingi hukatikia nyuma zaidi ya pale ulipotazamia.

MTEREMKO NA MTU

7. Je, wajua kwamba maporomoko mengi ya hatari hutokea kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45? Chini ya hapo, theluji kwa kawaida haina nguvu ya kuteleza. Juu ya hapo, haikai. Humwagika kidogo kidogo kila inapoanguka. Kwa bahati mbaya, mteremko wa nyuzi 35 hadi 40 ndio huohuo wanaoupenda wachezaji wa skii.

8. Je, wajua poromoko baya zaidi hutokeaje? Si theluji inayobingirika na kukua kama ilivyo kwenye katuni. Tabaka la juu, lililoshikamana kuwa bamba zima, huwa limelala juu ya tabaka dhaifu. Mtu akikanyaga, uzito wake hupenya hadi chini na kuvunja tabaka lile mahali padogo tu. Ufa huo hukimbia pembeni chini ya bamba, kwa sekunde chache, umbali wa makumi au mamia ya mita. Kisha bamba lote hukatika kwa mkupuo, na mtu yuko katikati yake. Anapouona mstari wa ufa, mara nyingi huwa juu yake, si mbele yake.

9. Je, wajua ni nani huliangusha poromoko linaloua? Karibu mara tisa katika kumi, ni mhanga mwenyewe au mwenzake wa safari. Kikulacho ki nguoni mwako.

10. Je, wajua kwamba waweza kuliangusha ukiwa chini, mahali tambarare? Ufa wa tabaka dhaifu husafiri hata kupanda mlima. Kwa hiyo kuwa bondeni si kuwa salama, iwapo juu yako kuna mteremko mkali uliojaa.

11. Je, wajua kwamba kelele haziangushi theluji? Filamu zimetudanganya. Watafiti wamepiga hesabu na kuona kwamba sauti ya mtu, hata akipaza vipi, haina msukumo wa kutosha kuvunja tabaka. Baruti inaweza, koo la binadamu haliwezi.

12. Je, wajua kwamba theluji yenyewe hutoa onyo? Ukikanyaga na kusikia kishindo kizito chini yako, "puu!", na theluji ikashuka kidogo kwa pamoja, umesikia tabaka dhaifu likiporomoka. Kwenye tambarare, umenusurika. Kwenye mteremko, sauti hiyohiyo ndiyo mwanzo wa poromoko. Onyo jingine ni nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha za skii zako.

13. Je, wajua mwendo wake? Poromoko la theluji iliyolowa laweza kwenda kilomita 20 hadi 40 kwa saa. Bamba kavu hufika kilomita 100 kwa saa na zaidi. Poromoko la unga mkavu, lile linalotimua wingu kubwa jeupe, laweza kupita kilomita 200 kwa saa, na upepo wake peke yake hung'oa miti.

14. Je, wajua kwa nini wapanda milima huamka saa tisa usiku? Wakati wa machipuko, theluji iliyoganda usiku hulainika jua likipanda. Maji hupenya kati ya chembe na kuondoa mshikamano. Aliyepanda alfajiri hushuka kabla ya mchana. Aliyechelewa kitandani hukutana na mteremko unaotiririka.

KUUPIMA MLIMA

15. Je, wajua kwamba hatari ya maporomoko hutangazwa kila siku, kama utabiri wa hali ya hewa? Ulaya ilikubaliana mwaka 1993 kutumia madaraja matano, na Amerika Kaskazini nayo ina madaraja matano: ndogo, ya wastani, kubwa kiasi, kubwa, na kubwa mno. Rangi zake huanza na kijani, kisha njano, chungwa, nyekundu, hadi nyeusi.

16. Je, wajua kwamba madaraja hayo hayapandi kwa hatua sawasawa? Kutoka la 2 hadi la 3 hatari huongezeka sana. Na ajabu ni kwamba wengi hufa siku za daraja la 3, si la 5. Siku ya daraja la 5 barabara hufungwa na watu hubaki ndani. Siku ya daraja la 3 jua huwaka, theluji ni mpya, na kila mtu hujiambia kwamba tatu ni katikati tu.

17. Je, wajua kwamba Uswisi imekuwa ikitoa taarifa hizi tangu 1945? Leo kazi hiyo hufanywa na taasisi ya SLF iliyoko Davos. Katikati ya msimu, taarifa hutoka saa 11 jioni na kurudiwa saa 2 asubuhi, ikieleza sehemu, urefu wa mlima na upande wa mteremko wenye hatari.

18. Je, wajua namna mtu anavyouliza theluji swali kwa koleo? Jaribio lenyewe ni hili. Chimba shimo, kisha kata nguzo ya theluji yenye upana wa sentimita 90 na sentimita 30 kutoka mbele hadi nyuma, ikiwa imesimama peke yake. Laza bapa la koleo juu ya ncha moja. Gonga mara kumi kwa kukunja kiganja tu kwenye kifundo cha mkono, kisha mara kumi kwa mkono kutoka kwenye kiwiko, kisha mara kumi kwa mkono mzima kutoka begani. Utazame ukuta wa nguzo wakati wote. Ikiwa ufa utatokea chini ya koleo na kukimbia hadi ncha ya pili papo hapo, tabaka lile liko tayari kukimbia na mlima mzima. Fukia shimo, urudi.

19. Je, wajua kwamba jaribio hilo haliwezi kukupa ruhusa? Likiwa baya, limekuonya. Likiwa zuri, limekuambia habari za mahali pale ulipochimba tu. Hatua 50 mbele, upepo huenda ulifanya mambo mengine.

20. Je, wajua kwamba simu yako hupima mteremko? Nyingi zina kipimo cha nyuzi ndani yake. Laza fimbo ya skii juu ya theluji, weka simu juu ya fimbo, soma. Jicho la binadamu peke yake hukosea sana, hasa likiwa na hamu ya kupita.

DAKIKA KUMI

21. Je, wajua aliyefukiwa ana muda gani? Utafiti wa ajali za Uswisi uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba wanaofukuliwa ndani ya dakika 10 za kwanza, karibu tisa katika kumi huishi. Baada ya hapo matumaini hushuka kwa kasi. Kufikia nusu saa, aliye hai ni mmoja katika watatu hivi.

22. Je, wajua kinachoua? Si baridi, kwa kawaida. Wengi hufa kwa kukosa hewa, na wengine kwa kugongwa na miamba na miti. Theluji ina hewa ndani yake, lakini pumzi ya mtu huyeyusha chembe zilizo mbele ya mdomo, kisha huganda tena na kuwa kifuniko cha barafu usoni. Anabaki kuvuta pumzi yake mwenyewe.

23. Je, wajua kwamba huwezi kujichimbua? Poromoko likiwa linakwenda, theluji huwa kama maji. Linaposimama, hugandamana papo hapo. Walionusurika husimulia kwamba hawakuweza kusogeza hata kidole.

24. Je, wajua kwamba helikopta kwa kawaida huchelewa? Haitokani na uzembe. Kupiga simu, kuruka na kutua huchukua zaidi ya zile dakika 10. Kwa hiyo mwokoaji wako ni rafiki uliyekwenda naye. Ukienda peke yako, huna mwokoaji.

25. Je, wajua vitu vitatu ambavyo kila msafiri wa theluji hubeba? Kifaa cha redio cha kutafutana, ufito mrefu wa kukunja wa kuchomea theluji, na koleo. Kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havina maana kubwa: redio hukuonyesha eneo, ufito hukugusisha mwili, koleo humtoa mtu.

26. Je, wajua kwamba vifaa hivyo vya redio hutumia masafa yaleyale dunia nzima, kilohezi 457? Mmarekani John Lawton alibuni cha kwanza mwaka 1968 na kukiita Skadi, jina la mungu wa kike wa milima na baridi katika hadithi za kale za Skandinavia. Kila mtu hukiwasha anapoondoka nyumbani, kikitoa mawimbi. Mmoja akifukiwa, wengine hugeuza vyao vipokee.

27. Je, wajua kwamba simu ya mkononi yaweza kumuua rafiki yako? Vifaa vya umeme huvuruga mawimbi ya redio ile. Kanuni ni kuweka simu sentimita 20 mbali na kifaa wakati wa kutembea, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Glovu zenye kupasha joto kwa betri ni vivyo hivyo.

28. Je, wajua kwamba ufito ukishamgusa mtu hauchomolewi? Uache umesimama, uwe alama. Kisha usichimbe pale juu yake, bali anzia upande wa chini wa mteremko na uingie kwa mlalo. Hivyo humkanyagi, na theluji unayotoa inateremka yenyewe. Kumtoa mtu aliye kina cha mita moja ni kuhamisha tani moja ya theluji au zaidi. Ukifika, tafuta uso kwanza na usafishe mdomo.

29. Je, wajua siri ya mfuko wa hewa unaobebwa mgongoni? Watu hudhani unaelea kwa sababu ni mwepesi. Tia mchele na karanga chache koponi, utikise: karanga zitapanda juu, kwa sababu vipande vikubwa hupanda vikitikiswa pamoja na vidogo. Mtu aliyefungua mfuko amejifanya kipande kikubwa. Vifaa vya kwanza vya namna hii viliuzwa Ujerumani mwaka 1985.

30. Je, wajua kwamba jaketi la mtumba la soko la Gikomba, Nairobi, au la soko la Memorial, Moshi, huenda limebeba kifaa cha uokoaji? Tazama mkononi au mgongoni kama kuna kibandiko kidogo kilichoandikwa RECCO. Ndani yake kuna kipande kisicho na betri ambacho hurudisha mawimbi ya rada ya waokoaji. Mfumo huo ulitengenezwa Sweden baada ya poromoko lililoua watu huko Åre miaka ya 1970.

31. Je, wajua kwamba mbwa wa St. Bernard hawakuwahi kuvaa pipa la pombe shingoni kazini? Picha hiyo ilienezwa na mchoraji Mwingereza Edwin Landseer mwaka 1820. Mbwa mashuhuri kuliko wote, Barry, alikuwa wa kweli: aliishi na watawa wa njia ya mlimani ya St. Bernard mwanzoni mwa karne ya 19, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40, na mwili wake uliokaushwa uko katika makumbusho ya Bern hadi leo.

AKILI ZETU WENYEWE

32. Je, wajua kwamba waliokufa wengi hawakukosa elimu? Mtafiti Mmarekani Ian McCammon alichambua ajali 715 na kuona kwamba hata waliosomea maporomoko walipuuza dalili zilizokuwa wazi. Tatizo lilikuwa mitego ya fikra: tumeshapita hapa mara nyingi, tumetoka mbali mno kurudi, kiongozi wetu anajua, wale wengine watatutangulia.

33. Je, wajua mtego unaomkamata hata mzoefu? Ni kuijua njia. Mteremko uliopitika mara 40 haukukuahidi mara ya 41, kwa sababu theluji ya mwaka huu si ya mwaka jana. Mazoea yana tabu.

34. Je, wajua kwamba nyayo za wengine si ushahidi? Mtu wa kwanza, wa pili na wa tano wanaweza kupita salama, na wa sita akakanyaga pale bamba lilipo jembamba. Kufuata mkumbo mjini hukupotezea pesa. Mlimani hukupotezea uhai.

35. Je, wajua kanuni rahisi kuliko zote? Vukeni mteremko mmoja mmoja, wengine wakitazama kutoka mahali salama. Likiporomoka, amekwenda mmoja na wako wa kumchimbua.

YALIYOPITA

36. Je, wajua kwamba jeshi la jemadari Hannibal wa Carthage, lililovuka milima ya Alps na tembo wake mwaka 218 kabla ya Kristo, lilikumbana na tatizo hilihili? Mwanahistoria Polybius anaeleza jinsi theluji mpya ilivyokuwa imelalia theluji ngumu ya msimu uliotangulia, watu na wanyama wakateleza. Tabaka juu ya tabaka, miaka 2,200 iliyopita.

37. Je, wajua kwamba wakazi wa Andermatt, Uswisi, walipiga marufuku kukata msitu ulio juu ya kijiji chao mwaka 1397? Miti husimamisha theluji mahali pake. Leo karibu nusu ya misitu ya Uswisi inatunzwa kwa kazi ya kulinda watu.

38. Je, wajua kwamba kuna kanisa lenye ncha mgongoni? Kanisa la Frauenkirch huko Davos lina ukuta uliochongoka upande wa mlima, ili poromoko likija ligawanyike pande mbili.

39. Je, wajua kwamba hata Uingereza ya kusini imeua watu kwa poromoko? Tarehe 27 Desemba 1836, theluji iliyoning'inia ukingoni mwa jabali ilianguka juu ya nyumba za mji wa Lewes na kuua watu 8.

40. Je, wajua poromoko lililoua wengi zaidi Marekani? Ni la Wellington, jimbo la Washington, usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi 1910. Treni mbili zilikuwa zimekwama kwa siku kadhaa chini ya mteremko uliokuwa umeunguzwa na moto, bila miti. Watu 96 walikufa. Kampuni ya reli ikabadilisha jina la kituo.

41. Je, wajua kwamba theluji iliua askari katika Vita Kuu ya Kwanza? Mwaka 1916, wakati Waingereza na Wajerumani wakipigana chini ya Kilimanjaro, Waitalia na Waustria walikuwa wakipigana juu ya vilele vya Dolomites. Tarehe 13 Desemba, baada ya theluji nyingi kufuatiwa na joto la ghafla, kambi ya Waustria kwenye mlima Marmolada ilifukiwa na takriban askari 270 wakafa. Ofisa wa kambi alikuwa ameomba ihamishwe. Wakubwa wakakataa.

42. Je, wajua kwamba mji mzima wa Yungay, Peru, ulizikwa ndani ya dakika chache? Tarehe 31 Mei 1970 tetemeko lilimegua barafu na mwamba kutoka mlima Huascarán. Maelfu kwa maelfu walifukiwa. Miongoni mwa wachache walionusurika ni waliokimbilia kilima cha makaburi.

43. Je, wajua kwamba ramani hukosea? Februari 1999, kijiji cha Galtür, Austria, kilipigwa na poromoko lililofika hadi nyumba zilizohesabiwa kuwa mahali salama. Watu 31 walikufa. Ramani za hatari zikachorwa upya.

44. Je, wajua kwamba wapagazi ndio hulipia Everest? Tarehe 18 Aprili 2014, barafu iliporomoka juu ya njia ya Khumbu na kuua wafanyakazi 16 wa Kinepali waliokuwa wakibeba mizigo ya wateja. Mkenya James Kagambi, aliyefika kileleni Mei 2022 akiwa na miaka 62, alilazimika kupita Khumbu pia.

45. Je, wajua kwamba katuni imesaidia kufumbua fumbo? Mwaka 1959, Warusi tisa walikufa mahali panapoitwa leo njia ya Dyatlov, katika milima ya Ural, baada ya kuchana hema lao usiku na kukimbia. Mwaka 2021, watafiti wawili wa Uswisi walionyesha kwamba bamba dogo la theluji lingeweza kukatika saa kadhaa baada ya hema kusimikwa kwenye sehemu waliyoichimba. Hesabu zao zilitumia mbinu za programu iliyochora theluji ya filamu ya katuni ya Frozen.

46. Je, wajua kwamba jeshi la Kanada hupiga mlima kwa mizinga? Kwenye Rogers Pass, ambako wafanyakazi 58 wa reli walifukiwa mwaka 1910, askari huangusha theluji kwa makusudi kabla haijajaa, barabara ikiwa imefungwa.

47. Je, wajua kwamba maarifa ya kuishi na maporomoko ni urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu? UNESCO iliyaorodhesha kwa jina la Uswisi na Austria Novemba 2018. Kikao kilifanyika Port Louis, Mauritius, kisiwani kusikojua theluji.

NA KWETU?

48. Je, wajua kwamba mmisionari Johannes Rebmann alipoandika kwamba mwaka 1848 aliona theluji Kilimanjaro, wataalamu wa London walimkatalia? Leo inayokataa kubaki ni barafu yenyewe: zaidi ya asilimia 80 ya ile iliyopimwa mwaka 1912 imetoweka.

49. Je, wajua kwamba mtu ameshuka Kibo, kilele cha Kilimanjaro, kwa skii? Ni Mjerumani Walter Furtwängler na mwenzake Siegfried König, mwaka 1912. Barafu ya Furtwängler ina jina lake.

50. Je, wajua kwa nini Kilimanjaro haina sifa ya maporomoko ya theluji? Theluji yake ni kidogo, na jua kali na hewa kavu huimaliza upesi. Kinachoporomoka kule ni mawe. Januari 2006 mawe yaliua Wamarekani watatu upande wa Western Breach, na njia hiyo ikafungwa kwa muda. Maelezo ni yaleyale: kigande usiku, kiyeyuke mchana, kilichoshikwa kiachie. Vaa kofia ngumu, pita mapema.

51. Je, wajua kwamba theluji mpya hurudisha asilimia 80 hadi 90 ya mwanga wa jua? Mpanda Kibo asiye na miwani myeusi anaweza kupofuka kwa siku moja au mbili.

52. Je, wajua kwamba mteremko wa hatari waweza kuwa paa la nyumba? Kwa ndugu zetu wanaoishi Colorado, Oslo au Quebec: theluji iliyolundikana juu ya bati au vigae huteremka kwa mkupuo jua likichomoza, na imeshafukia watu uani kwao. Usisimame chini ya paa, wala watoto wasichezee hapo.

Basi ukialikwa na rafiki huko ughaibuni kwenda "kuona theluji nzuri milimani," muulize maswali matatu kabla hujafunga viatu. Leo hatari ni daraja gani? Mteremko tunaopita una nyuzi ngapi, na ulio juu yetu je? Nani kati yetu ana redio, ufito na koleo, na nani amefanya mazoezi ya kuvitumia? Akibabaika hata kwa swali moja, mwambie mkanywe chai. Mlima utakuwepo kesho.